Neno Alilomwambia Jack

Chelsea, London
14 Oktoba 1934

Dada yangu Annis,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mimi ni mzima, mzima kweli, si uzima wa kuandikiwa nyumbani ili mtu asiulizwe maswali. Nakula vizuri, nafanya ngumi kila asubuhi, na shati langu likipigwa pasi hata wewe ungeniamkia kabla hujanitambua.

Ulisema sijawahi kukueleza nilivyoingia kwenye chama hiki cha mashati meusi. Basi weka chai, ukae. Kiwanda cha Holt kilipofungwa nilishuka London nikiwa na miguu miwili na njaa moja. Nilipanga foleni za kazi hadi nikawajua watu kwa visogo. Siku moja nikamsikia bwana mmoja akihutubia pembeni mwa barabara: "Mlipigana vita mkaahidiwa nyumba za mashujaa. Ziko wapi?" Nikamfikiria Baba, alivyokohoa gesi ya Wajerumani miaka sita kwenye chumba kisicho na dirisha la maana. Nikasogea mbele, na sijarudi nyuma tangu siku hiyo.

Usiwasikilize wanaosema tumeokotwa Italia. Kabla yetu kulikuwa na kundi la mama mmoja wa ukoo mkubwa, lilianza mwaka wa ishirini na tatu kwa kuwaogopa Wakomunisti. Hao walikuwa watu wa kulinda farasi na bustani zao, wakafifia. Kiongozi wetu ni mtu mwingine kabisa. Alikuwa bungeni na Wahafidhina, akawachoka. Akaenda kwa Leba, chama cha wafanyakazi, akaingia serikalini, akawapelekea mpango wa kuwapa watu kazi, wakautia kapuni. Akaunda chama chake, kikaanguka uchaguzi. Mwingine angekwenda kuvua samaki akanyamaza. Yeye alikwenda Italia kutazama, akarudi na kutuvika shati. Shati halina vifungo mbele, limekatwa kama la wapigana upanga. Ukitupanga mstari mmoja, huwezi kujua nani ana gari na nani ana viatu viwili tu. Kwa Uingereza, Annis, hilo si jambo dogo.

Sasa sikia. Mwezi wa pili tunakuja Lancashire, na Thornshaw imo. Nimeomba mimi mwenyewe. Nataka ukumbi ujae wafumaji, na wafumaji wakikusikiliza mtu, wanakusikiliza wewe. Niambie utawaleta.

Kaka yako,
Wilf


Thornshaw
21 Oktoba 1934

Kaka Wilf,

Barua yako nimemsomea Mama, yaani nimemsomea kama tunavyosomeana hapa, uso kwa uso na mdomo wazi, yeye akisoma midomo yangu, maana sasa hasikii hata king'ora cha kiwanda. Mitambo imemmaliza masikio. Tulipofika pale pa ngumi kila asubuhi akauliza, "Anampiga nani?" Nikamwambia nitakuuliza. Unampiga nani?

Nimejaribu kufuata safari ya Kiongozi wako. Aliwachoka Wahafidhina, akawachoka Leba, halafu wapiga kura wakamchoka yeye. Sasa hataki watu wapige kura kama zamani. Mimi ningekuwa yeye ningetaka hivyo hivyo.

Na shati la Kitaliano kwa ajili ya wimbo wenu wa "Uingereza kwa Waingereza", hilo limetuchekesha kiwandani hadi msimamizi akaja kuuliza nani kafa.

Usinune. Najua ulivyokaa na njaa, na najua ulivyoona aibu kuandika. Hapa mambo si mazuri. Nusu ya mitambo imelala, na wenye kiwanda wanataka kila mmoja wetu asimamie sita badala ya minne. Kwa hiyo mtu akija kusema habari za pamba tutamsikiliza, hata akivaa gunia. Lakini jibu kwanza. Hayo mabaraza yenu tunayoyasoma magazetini, ya wenye kiwanda na wafanyakazi kukaa meza moja, bwana akisema mitambo sita, tutagoma au hatutagoma?

Nina habari yangu nyingine, nzuri sana. Nitakupa ukija, nataka nione uso wako.

Dada yako,
Annis


Chelsea, London
4 Novemba 1934

Annis,

Wewe ulizaliwa na ulimi wa wakili. Haya, nakujibu.

Kila kazi itakuwa na baraza lake. Pamba, makaa, meli, reli. Wenye mali, wafanyakazi na wanunuzi watakaa pamoja, na dola itakuwa juu yao kama mwamuzi wa mpira. Wakikubaliana, imekwisha. Hakutakuwa na haja ya kugoma. Bunge la sasa ni kijiwe cha porojo, wazee wanakunywa divai huku Thornshaw inakufa. Sisi tutawapa wachache wenye uwezo wafanye kazi, na baada ya muda tutawauliza watu kama wanaridhika.

Na pamba ndiyo wimbo wetu Lancashire. India ni yetu, basi inunue kwetu na iache kututoza ushuru. Nguo za Kijapani zitapigwa marufuku katika himaya yote. Unajua kwamba hata Mombasa na Zanzibar wenyeji wanavaa Kijapani kwa sababu ni rahisi? Tutawafungia mlango, na mitambo yenu itaamka yote.

Utaniuliza habari za Wayahudi, najua, magazeti yamesema. Mwanzoni hatukuwa na neno nao. Wao ndio waliotuanza mikutanoni, na sasa Kiongozi amesema wazi kwamba wenye benki kubwa wanatoa fedha zetu nje zikajenge viwanda vya ugenini. Hao ndio ninaowasema mimi. Mzee Lasker aliyenishonea suruali yangu ya kwanza ndefu sina ugomvi naye, mpe salamu. Huyo si wa aina ile.

Mama mwambie nampiga gunia la mchanga. Halafu mchekeshe na hili. Jack Sagar wa huko kwetu yuko nami kikosi kimoja. Mikutano ya London ina kelele kuliko kiwanda, basi mimi na Jack tunasemezana kwa midomo bila sauti ukumbini, mimi jukwaani yeye mlangoni, kama zamani penye mitambo. Hakuna anayejua tunasema nini. Wenzetu wanadhani ni uchawi wa kaskazini. Mkuu wetu amenipandisha cheo kwa sababu ya hilo.

Hiyo habari yako nimeshaibashiri. Ni mchumba. Baba hayupo, kwa hiyo mkono wa kukupeleka kwa bwana harusi ni wangu, na simwachii mtu. Ni nani? Kama ni yule Ernest wa kwaya, nitamhurumia.

Wilf


Thornshaw
6 Januari 1935

Kaka Wilf,

Si Ernest. Subiri.

Wafumaji watakuja. Nimewaambia kaka yangu anakuja na watu wake, na kwamba kila mwenye swali aje nalo. Mama ameshapiga brashi kofia yake ya kanisani. Anasema atakaa mstari wa mbele hata kama hasikii, maana anakuja kukuona wewe, si huyo bwana mnayemleta.

Uliniambia haja ya kugoma haitakuwepo. Mimi sikuuliza haja. Niliuliza kama tutaruhusiwa, na hujasema.

Habari za India hapa zitakupa taabu. Unakumbuka yule Mhindi aliyevaa shuka, aliyekuja Lancashire mwaka wa thelathini na moja? Wanawake waliokosa kazi kwa sababu aliwazuia watu wake wasinunue nguo zetu walimpigia makofi. Alisema kwao watu ni maskini kuliko sisi, na wanataka kusokota pamba yao wenyewe. Hatukufurahi, lakini tulimwelewa. Na hao wa Zanzibar waachie wachague nguo yao. Wewe umechagua yako.

Ninakuomba jambo moja tu. Nimesoma yaliyotokea kwenye mikutano yenu London, mtu akiuliza anaburutwa nje na anarudi akivuja damu. Huku usilete hayo. Nimewaalika watu kwa jina langu. Niapie kwamba hakuna atakayeguswa.

Annis


Chelsea, London
10 Januari 1935

Dada,

Naapa kwa kaburi la Baba. Anayeuliza kwa adabu atajibiwa kwa adabu. Tutaonana tarehe kumi na sita Februari. Mwambie Mama anitengenezee pai ya viazi.

Wilf


Burnley, kwenye nyumba ya wageni
19 Februari 1935

Annis,

Sikuja kula hiyo pai na unajua kwa nini.

Kazi ya miezi imekwenda na maji. Kiongozi wa wilaya amenikalisha kama mtoto wa shule akaniuliza nani alivujisha mpango wetu. Msemaji wetu alikuwa amewakamata watu, uliona mwenyewe, pale pa nguo za Kijapani walipiga makofi. Halafu yule mwana wa Lasker akasimama na maswali yake. Nani atawachagua hao wa mabarazani? Na yeye Myahudi, mshonaji wa Thornshaw, atakaa baraza gani? Akaambiwa akae. Hakukaa. Akarudia mara ya tatu, na watu wakaanza kucheka upande wake.

Mimi nilifanya kazi yangu. Nilimpa Jack amri palepale, kwa midomo, na kelele ilikuwa kubwa, hakuna mtu aliyesikia. Jack na vijana wake hawajaondoka hata mlangoni, naona akina mama wa Thornshaw wanainuka. Wenye shali zao! Mstari baada ya mstari, bila neno, wanakwenda kumzunguka yule kijana kama ukuta. Halafu wanageuka wote na kunitazama mimi. Si msemaji. Mimi.

Walikuwa wamepangwa. Mtu aliwaonya kabla kwamba tutamtoa, na mtu huyo anajua desturi zetu kwa sababu nimemwandikia. Nimekuamini, ukanifanyia hivi mbele ya mji wangu. Nataka uniambie wewe mwenyewe.

Wilf


Thornshaw
23 Februari 1935

Wilf,

Unasema hakuna mtu aliyesikia. Ndugu yangu, ulikuwa Thornshaw.

Ukumbi mzima ulikuwa wafumaji. Ulisimama jukwaani, taa usoni, ukafungua mdomo wako wazi kama tulivyofundishwa, kila neno likatoka safi. Huko London ni uchawi wa kaskazini. Hapa ndivyo tunavyoulizana bei ya mayai. Umekaa huko muda mrefu hadi umesahau nani walikufundisha kusema.

Sitakuficha ulichosema, maana labda umejifichia mwenyewe. Ulimwambia Jack, "Huyo Myahudi mpeleke uani. Mvunje vidole, asishike sindano tena." Nimekiandika kama kilivyo.

Hakuna aliyewapanga. Unataka kujua nani aliinuka wa kwanza? Mama. Hotuba haisikii, basi tangu mwanzo alikuwa anakutazama wewe tu, anatabasamu, anamgusa Bi Sagar ubavuni, "Tazama alivyonenepa." Nilikuwa kando yake. Na mimi nilisoma midomo yako, lakini nilibaki nimeshika kiti. Nilipogeuka yeye ameshafika nusu ya ukumbi, na Bi Sagar nyuma yake. Jack alikuja mbio akamkuta mama yake mzazi kasimama njiani. Nilimsoma Bi Sagar. Alisema, "Anza na vyangu, Jack." Jack akarudi mlangoni, na hilo sidhani kama amekueleza.

Sasa ile habari yangu. Ruben Lasker ni mchumba wangu tangu Julai. Mzee Lasker alinuna miezi miwili kwa sababu mimi ni wa kanisani, na kanisani walinuna kwa sababu yeye ni wa sinagogi, lakini wamechoka kununa. Nilikuwa nimepanga kuwatambulisha mezani, wewe na yeye, pai katikati. Alitaka sana kukuona. Alisema yeye aliyezoea ulimi wangu, wewe huwezi kumshinda kwa mabishano. Alikuja na maswali yake akidhani anakuja kubishana na shemeji.

Nina hasira na nina huzuni, na sijui ipi ni kubwa leo. Uliapa kwa kaburi la Baba.

Mama ameandika mwenyewe, nimeweka humu humu. Sikumsahihisha herufi.

Annis


Mwanangu Wilfred,

Mkono wangu si wa kuandika, utavumilia. Watu wananiambia yule bwana wenu alisema vizuri habari za pamba. Mimi sikumsikia. Nilichosikia usiku ule ni wewe tu.

Nimefuma tangu nina miaka kumi na miwili. Nimesoma midomo ya watu wakitukana wasimamizi, wakiwalilia waume zao, wakisema uchafu ambao siwezi kuuandika. Sijawahi kusoma neno kama lako, na lilitoka kwenye mdomo niliolisha mimi.

Sitaki unieleze Kiongozi wala Mjapani. Nina swali moja. Vidole vya yule kijana vilikukosea nini? Nijibu hilo tu, kwa mkono wako, nitaweka barua mezani na Ruben akae nami niisome. Ukinijibu kweli, hata kama ni jibu baya, mlango uko wazi na utakula kwangu.

Mama yako,
Hannah Tattersall


Chelsea, London
17 Machi 1935

Annis,

Nimerudi London. Mambo yametulia. Kiongozi wa wilaya amekubali kwamba haikuwa usaliti, ilikuwa bahati mbaya ya mji wa wafumaji, na hata alicheka. Mwezi ujao tutakuwa na maandamano makubwa na nimepewa watu arobaini niwaongoze. Ninaamini kazi yetu kuliko nilivyowahi kuamini, na siku mitambo ya Thornshaw itakapoamka yote mtajua nilikuwa upande gani.

Kuhusu Ruben, nasema kwa moyo safi, sikujua. Annis, kosa la kuficha lilikuwa lako. Ungeniambia mapema kwamba ni mchumba wako, nisingemgusa. Kulikuwa na wapiga kelele pande zote za ukumbi, ningechagua mwingine.

Haya yamepita. Mimi si mtu wa kuweka kinyongo. Harusi nitakuja. Nimeomba ruhusa na wamenikubalia, ila nitavaa shati, maana sivui imani yangu kwa ajili ya mtu. Nilikuahidi mkono, nao uko palepale. Niandikie tarehe.

Mpe Mama salamu, mwambie nimepata barua yake.

Wilf


Thornshaw
31 Machi 1935

Wilf,

Mama alisoma barua yako mezani, Ruben akiwa kando yake kama alivyoahidi. Alisoma mara mbili. Halafu akaigeuza nyuma, akatazama kama kuna jingine uliloandika huko. Hakukuwa na kitu.

Alirudia kwa sauti yale maneno yako, ile sauti yake ya kiziwi isiyojua imepanda au imeshuka. "Ningechagua mwingine." Akaniuliza huyo mwingine ni nani. Nikamwambia sijui. Nilitaja watu waliokaa karibu na Ruben usiku ule. Yule kijana wa Pendle mwenye mguu mbovu. Mwalimu Greenhalgh. Stanley wa duka la ushirika, ambaye mlicheza wote mkiwa wadogo. Akasikiliza majina kwa macho, kila moja, mpaka nikamaliza. Ruben alimmiminia chai.

Sikufuti, Wilf. Nikisikia mtu anakusema vibaya sokoni bado nasimama. Nakupenda na nitakuandikia kila Krismasi, upende usipende, na ukiumia hao watu wako wakakuacha, njoo kwangu kwa mavazi yoyote.

Tunafunga ndoa Jumamosi ijayo, ofisi ya msajili, Burnley, saa tano asubuhi. Nimekupa tarehe kwa sababu uliiomba na kwa sababu sitaki usikie kwa mtu mwingine. Mama ndiye atakayenishika mkono.

Usije.

Dada yako,
Annis